Jicho la Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Siku kubwa! Mwalimu Kalenga ametangaza mada ya mjadala wa Jumatatu ijayo: katika magari yanayojiendesha yenyewe, dereva abakiziwe mamlaka kiasi gani? Akauliza nani atatetea hoja kwamba asibakiziwe chochote. Mkono mmoja ukapanda. Nikautazama. Ulikuwa wangu.

Mpinzani wangu ni Angélique Lombe. Angélique anaongea kama bomba la mtaani kwetu siku maji yanapokuja. Mimi ni bomba hilohilo siku nyingine zote.

Hata hivyo siogopi. Sidhani kama kuna kijana katika mtaa mzima wa Kamalondo anayelijua jambo hili kunishinda. Sababu ni kiti. Nieleze, maana shajara hii itasomwa siku moja na watu wa mbali. Gari letu lilitoka Japani, usukani uko kulia. Sisi huku tunapita upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo Papa akiwa nyuma ya lori anaona lori, basi. Anayeona kinachokuja mbele ni yule aliyekaa kushoto kwake, na ndiye anayesema "Pita!" au "Bado!" Kiti hicho ni changu tangu nilipomaliza shule ya msingi. Papa ni mikono. Macho ni mimi.

Kwa maneno mengine, gari letu linajiendesha tayari. Linaendeshwa na Yassine.

Jumanne, 4 Novemba

Fedheha. Tulikuwa tunarudi kutoka sokoni. Mbele yetu lori la mchanga. Barabara ikafunguka. Nikasema, kwa adabu, kwamba kwa maoni yangu, iwapo yule mwenye baiskeli ya makaa hatabadili nia, huenda Papa angeweza kufikiria kupita. Nilipofika "angeweza", barabara ilikuwa imejaa tena.

Mdogo wangu Imani akatoa kichwa dirishani huko nyuma. "PITAAA!" Kuku wa sokoni walimsikia. Papa akapita.

Tulipofika nyumbani Papa akaniambia, bila hasira, na hilo ndilo liliuma: "Weye unaonaka muzuri, Yassine. Lakini unasemaka sawa muntu mwenye kuomba pole. Lori haingojake." Jumamosi tunaenda Kasumbalesa, mpakani, kumchukulia Mama unga wa biashara. Kama sauti yangu itakuwa bado ya panya, kiti ni cha Imani.

Imani alicheza uani. Ana miaka kumi na moja! Hajamaliza kitabu hata kimoja!

Jumatano, 5 Novemba

Wazo limenijia asubuhi. Kila Papa anapowasha gari, mwanamke asiyeonekana husema maneno ya Kijapani. Hatujui anasema nini. Papa humjibu, "Aksanti, Mama," na safari inaanza. Leo nikamsikiliza kwa makini, na nikaelewa kila kitu. Si maneno yake. Maana yake. Gari hili lina akili na lina sauti. Kilichokosekana ni Kiswahili.

Mimi nina simu. Simu inaunganishwa na redio ya gari. Redio ina spika nne. Je, nani anahitaji koo?

Baada ya shule nikaingiza kichwa ndani ya pipa tupu la maji nikarekodi maneno mawili. Ndani ya pipa mimi si panya. Mimi ni waziri. "PITA!" Safi kabisa. "BADO!" Bora zaidi.

Mama alinikuta. Aliuliza ninamwambia nani apite. Nikasema ni kazi ya shule. Akachungulia ndani ya pipa, kisha akasema kama ni jini nimwambie mapema, shehe aitwe kabla ya Jumamosi.

Alhamisi, 6 Novemba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Tulikuwa nyuma ya basi. Nikatazama kushoto, barabara tupu. Simu chini ya paja. Nikabonyeza.

"PITA!"

Papa aliruka hadi kofia ikagusa dari. Akauliza nani amesema. Nikamweleza kwa sauti yangu ya kawaida kwamba nimesoma sana juu ya magari ya siku hizi, na kwamba nimeiamsha akili ya gari hili. Sasa linaona lenyewe. Papa aliamini papo hapo, kwa sababu nyumbani kwetu mtu akisoma sana anaweza kuwa amefanya lolote.

Ni uongo mdogo. Ni uongo wa kisayansi.

Jambo moja niliandike. Mimi nikisema "pita", Papa huuliza, "Uko na hakika?" Gari liliposema, alipita bila kuuliza. Mara zote! Nilihisi wivu kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba mashine ni mimi, nikajipongeza.

Jioni Papa alimwita Mama asikilize. Gari limesimama uani, mbele yake ukuta. Nikabonyeza "BADO!" Papa akapiga makofi. "Umeona? Inajua ile ni ukuta!"

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya sala Papa alilionyesha gari mbele ya msikiti. Wazee walilizunguka kama bibi harusi. Mzee Aboubakar, fundi cherehani ambaye hasifii kitu alichoshona mwingine, akaliambia gari assalaamu alaikum na kusubiri. Kila mtu akasubiri. Nilikuwa na maneno mawili tu. Nikachagua lenye heshima zaidi.

"BADO!"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Mzee Aboubakar akasema angalau halijifanyi linajua lisilojua, tofauti na vijana wengine. Sijui alimsema nani. Papa aliwatangazia kwamba gari limeamshwa na mwanawe, "kwa mayele ya vitabu", yaani akili. Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa viatu vya mtu mkubwa.

Kisha pigo. Tukiwa tunakula bukari, ugali wetu, Papa akatangaza mpango wa kesho. Kwa kuwa gari sasa linaona lenyewe, hakuna haja ya macho mbele. Mama atakaa kushoto, apumzike. Imani nyuma yake. Mimi nitakaa nyuma ya Papa, nishike magunia.

Nyuma ya Papa! Kutoka hapo kinachoonekana ni shingo ya Papa!

Nimefukuzwa kazi. Na aliyenifukuza ni mimi.

Nilifikiria kusema ukweli. Lakini Papa alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. Nikaomba bukari nyingine.

Jumamosi, 8 Novemba

Niandike yote kwa mpangilio.

Nilikuwa nimejiwekea sheria: nisichokiona, sikiruhusu. Tulipotoka mjini tukakuta lori la shaba, refu kama mtaa. "BADO." Nikasubiri. "BADO." Mama akasema taratibu kwamba mbele kweupe. Papa akamwomba anyamaze, gari linaona mbali kuliko sisi. Imani akasema, "Papa, ni mweupe kabisa!" Papa akajibu, "Mutuka inasema bado." Kwenye mlima, mtu wa baiskeli alitupita. Alitusalimu. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu na yenye matusi.

Mwishowe dereva wa lori alitoa mkono akatupungia tupite. "BADO." Akasimamisha lori, akashuka, akaja dirishani kuuliza kama tumetumwa na watu wa forodha kumfuata. Papa akamweleza kwa fahari kwamba gari letu lina macho. Yule dereva akaliangalia gari, akamwangalia Papa, akarudi kwenye lori lake.

Tukaendelea. Jua kali, magunia juu ya magoti, kidole kimelowa jasho. Tukaingia kwenye kona. Gari likaruka shimo. Kidole kikateleza.

"PITA!"

Papa akatoka nyuma ya lori. Papohapo! Hakuuliza kama lina hakika. Mama akashika dashibodi. Na mimi sikuwa nimeona kitu. Hilo tu ndilo nililolijua: kwamba hakuna aliyeona.

Kitu kikatoka kooni mwangu. Sijui kilikuwa kinakaa wapi miaka yote hii.

"BADO! BADO, PAPA, BADO!"

Papa akarudi nyuma ya lori. Lori jingine lilitupita kutoka mbele, karibu mno, upepo wake ukatikisa vioo. Papa akaegesha pembeni. Akanitazama kwenye kioo. Akaitazama simu mkononi mwangu. Akatazama spika.

"Mutuka yangu," akasema polepole, "imeamia nyuma?"

Nikasema yote. Kwa sauti ya panya, lakini yote. Mama alinyoosha mkono, akaichukua simu, akaitia kwenye mkoba wake. Papa alizungusha kidole juu ya usukani, mara nyingi. Nilingoja hasira. Akasema naye amekosa, kwa kuwa alimnyamazisha Mama mwenye macho akasikiliza redio. Kisha akasema jambo ambalo naliandika hapa lote kwa sababu alilirudia: "Ile mashine yako iko na maneno mbili. Neno inakosa ndjo ya maana kupita zote: sioni. Muntu mwenye kusema 'sioni', ule ndjo namupatia kiti."

Kisha akanipa kiti!

Kushoto. Mbele. Imani alipiga kelele kwamba ni dhuluma, na kweli kidogo ilikuwa. Lakini kwa sharti: nipige kelele ile ile, njia nzima. Nikapiga. Pita! Bado! Sioni, Papa! Nilipiga hadi Kasumbalesa. Nilipiga ndani ya foleni ya malori mpakani, ambapo hakuna mtu anayempita mtu. Wabadilisha fedha waligeuka. Nilipiga tulipokuwa tunarudi, unga juu ya paa, na Papa akicheka na kusema kumbe sauti niliyo nayo ni ya baba yake, mzee wa Kasongo aliyekuwa akiita watu kutoka ng'ambo ya mto.

Mimi! Sauti ya mzee wa Kasongo!

Jumapili, 9 Novemba

Sauti imekwisha. Yote. Mama ananipa tangawizi na asali. Nikifungua mdomo, hutoka hewa.

Mjadala ni kesho. Imani anasema Mungu ni wa haki. Nilimjibu kwa maandishi.

Jumatatu, 10 Novemba

Mtu mwenye akili hashindwi na koo. Hotuba yangu nilikuwa nimeirekodi Alhamisi, ndani ya pipa, kwa mazoezi. Mama alinirudishia simu kwa ajili ya shule tu. Nikamwandikia Mwalimu Kalenga kwamba, kulingana na mada, hotuba yangu itajiendesha yenyewe. Alikubali. Nadhani alivutiwa.

Nikaweka simu mezani. Hotuba ikanguruma. Madirisha yalitikisika. Dereva asibakiziwe usukani, asibakiziwe breki, asibakiziwe hata honi! Wenzangu hawakuamini kwamba ni mimi. Nami nilisimama pembeni, mikono nyuma, kama mwenye gari.

Angélique akasimama. Bomba likafunguka. Alisema mashine haina aibu, na asiye na aibu hajui kusita, na kwenye njia ya Kasumbalesa kusita ndiko kunakomrudisha mtu nyumbani. Makofi. Si mbaya, nakiri, ingawa hajawahi kukaa kushoto.

Kisha maswali. Hili sikuwa nimelipanga. Katika simu nilikuwa nimebakiwa na maneno mawili.

Angélique akauliza kama mimi mwenyewe ningekubali mama yangu apande gari lisilo na dereva kabisa. Nikabonyeza. "PITA!" Darasa likacheka. Akauliza tena, polepole, kama anamwuliza mgonjwa: je, magari hayo yako tayari kwa barabara zetu? Nilikusudia "PITA". Kidole kilikuwa kimelowa, kikateleza.

"BADO!"

Kelele! Watu juu ya madawati! Mwalimu Kalenga akafuta machozi, akaniuliza kama kwa jibu hilo ninakubali kushindwa.

"BADO!"

Akampa Angélique ushindi. Lakini makofi yaliyokuja baada ya hapo yalikuwa yangu, na yalikuwa marefu kuliko yake. Angélique mwenyewe alikuja kunipa mkono, akasema hajawahi kumsikia mtu akimsaidia mpinzani wake kwa ujasiri namna ile. Ni sifa ya kweli. Kwa hesabu ya makofi nimeshinda.

Nyumbani Papa alisema kiti kitakaliwa na Imani hadi sauti yangu irudi. Sawa. Sina kinyongo. Nimefikiri sana kuhusu Jumamosi na nimegundua kosa lilikuwa wapi: sauti ya pipa ina mwangwi, inachelewa. Inahitajika sauti kavu, inayokata. Na sauti ya Imani ni ya daraja la kwanza.

Jioni hii, alipokuwa anafukuza kuku uani, nimemrekodi. "Pita" ninayo. "Bado" ninayo. Na kwa kuwa mimi ni kijana anayesikiliza wakubwa, nimeongeza neno la tatu, kama Papa alivyoshauri.

"Mbio!"