Tuzo ya Dunia ya Tundu la Kifungo

Watu walimwita Balozi kwa sababu ya suti. Nchi aliyoiwakilisha haikujulikana, lakini suti ilikuwa na mistari, na mwenye suti ya mistari haulizwi maswali mengi. Kazi yake ilikuwa kuwatunuku watu tuzo za kimataifa, mradi walipie usafiri wa medali. Medali zenyewe alizikata kwenye mifuniko ya sufuria.

Mchana mmoja, akipita mbele ya duka la fundi cherehani, alimsikia mama mwenye duka akimwambia mteja, "Kifungo nikishakishona mimi, shati litaisha, chenyewe kitabaki." Balozi akasimama. Mtu anayejisifia vifungo, alijisemea, huyu kaiva.

Mteja alipotoka, akaingia kwa adabu zote.

"Shikamoo mama. Natoka Kamati ya Tuzo ya Dunia. Umeshinda."

"Marahaba mwanangu. Nimeshinda nini?"

"Sayansi. Upande wa tundu la kifungo. Utachangia tu usafiri wa medali, maana ni nzito."

Fundi akaendelea kushona mpaka mwisho wa pindo, ndipo akauliza, "Na wenzangu walioshinda ni akina nani?"

Hapo ndipo Balozi alipokuwa mtamu. "Mwaka jana ni bwana aliyepatanisha nchi mbili zilizogombania mlima miaka arobaini. Aliwaonyesha kwamba mlima wenyewe haupo. Ya fasihi alichukua bibi mmoja kwa kitabu kinene kama tofali. Hakuna jaji aliyekimaliza, na wote walilia."

"Maskini. Na wewe, mwanangu, unayewapa wenzio kila siku, umepewa ipi?"

Swali lilimpata pabaya. Alipokuwa darasa la nne, siku ya zawadi, hata aliyeshika mkia alipewa ndoo kwa kutokosa shule. Balozi alipiga makofi mpaka viganja vikauma, akarudi nyumbani mikono mitupu. Miaka thelathini imepita, na rangi ya ile ndoo anaikumbuka mpaka leo.

"Bado," akajibu.

Fundi akamtazama juu ya miwani. "Ajabu. Asubuhi nimepigiwa na kamati nyingine, wanamtafuta mtu anayevumbua washindi. Ngoja niwaulize." Akabonyeza simu, akaiweka mezani.

"Makao makuu ng'ambo hapa," ikasema sauti nzito. Ilitoka kwenye simu, na kwa namna fulani ilitoka pia ukutani, upande wa kinyozi wa duka la jirani, ambaye ni shemeji yake fundi. Mashine ya kunyolea ilikuwa ikinguruma nyuma yake. "Yupo hapo mtu wa suti ya mistari?"

"Yupo."

"Basi ndiye. Sherehe ni leo saa kumi. Avae joho."

Ndugu msomaji, mtu aliyewapiga wenzake changa la macho miaka kumi alipaswa kucheka. Balozi alilengwalengwa na machozi.

"Joho nakushonea sasa hivi," fundi akasema. "Ila mimi sipimi kwa futi, nashona kwa nguo ya mfano. Vua."

Akavua koti, akavua na suruali. Mifukoni aliacha vyeti, mhuri, medali saba na michango ya washindi wote wa wiki ile. Akajibanza nyuma ya kabati kwa fulana na bukta, akitunga hotuba.

Saa kumi joho likaja, la maua makubwa, na dirisha la duka halikuwa tena na pazia. Kinyozi aliingia na wateja wawili, mmoja kanyolewa nusu, akamvisha Balozi medali na kumkabidhi cheti. Balozi akakitazama. Mhuri ulikuwa na ufa pembeni, ule ule wake. Katikati ya medali palikuwa na tundu la kishikio cha mfuniko. Alielewa kila kitu.

Kisha wale watu wanne wakampigia makofi.

Hotuba aliitoa yote, dakika arobaini, akaishukuru na shule yake.

"Na suti yangu, mama?" akauliza mwishoni.

"Njoo Jumatatu."

Jumatatu akaambiwa bado kidogo, aje Alhamisi. Wakati akiondoka aliona suti ya mistari ikiingia duka la viatu, kinyozi akiwa ndani yake, akiinama kwa adabu.

Alhamisi Balozi hakwenda. Alikuwa na shughuli ya kutafuta msumari wa kutundikia cheti.