Kasia la Kumpadre Erasmo

Alhamisi, 4 Desemba

Nimemkosea kumpadre Erasmo. Naandika hivyo kwanza, kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Siku ya thelathini na nane tangu tutoke Ceará. Chelezo kimoja, tanga moja, watu watatu. Erasmo, nahodha, aliyemsimamia mwanangu ubatizo, ndiyo maana tunaitana kumpadre. Piaba, mpishi, tumbo mbele. Na mimi, Valdomiro, kazi yangu kumwagia tanga maji kwa kibuyu lisilegee. Siku thelathini na nane naloweka kitambaa!

Tunakwenda Salvador. Binti yake Erasmo alipopona, mzee aliweka nadhiri: atampelekea Bikira chelezo kidogo cha mti, kwa njia ya bahari, siku ya sikukuu yake. Tarehe 8. Tukifika tarehe 9, nadhiri imevunjika.

Macho ya Erasmo yana ukungu. Siri yetu watatu. Lakini pwani yote imo kichwani mwake: kilima gani kikikaa juu ya kanisa gani, basi upo wapi. Mimi namwambia ninachoona, yeye anajua tulipo. Leo kauliza kama kanisa jeupe limekaa chini ya kilima chenye kovu. Lilikuwa limekaa. Sawasawa, kilima kama kofia. Nikasema sioni kanisa.

Sababu? Gazeti. Kila ufuko tunaotua, mwenye kasia la usukani ndiye anabebwa mabegani. Kule Maceió wakaandika: nahodha Erasmo na wengine wawili. Wengine! Nikapanga hivi: mzee akianza kujishuku, kasia atampa nani? Piaba?

Basi tukaupita mlango wa mto tulipotaka kulala. Tumetia nanga huku nje, mawimbini. Chakula: unga wa muhogo uliolowa. Piaba kaniuliza kama macho yangu nayo yameanza kuota ukungu.

Nitatubu kesho.

Ijumaa, 5 Desemba

Sikutubu.

Asubuhi kauliza kama kwenye ncha ya mchanga ipo minazi mitatu. Ilikuwepo mitatu. Nikasema miwili. Kisha kasema kichwa chake kimeanza kuvuja kama mtumbwi mkuukuu, kwa hiyo nishike mimi.

Nimeshika! Mpini bado una joto la mkono wake.

Saa nane mchana, nyangumi. Karibu, ningeweza kumtupia kofia. Erasmo ndiye aliyejua kwanza, akainua kidole: nasikia pumzi mbili, akasema, kubwa na ndogo, huyo yuko na mwanawe. Na kweli. Mgongo ukapanda, ukapanda, hauishi. Maji yakamshuka kama kwenye paa la bati wakati wa mvua. Mtoto ubavuni. Piaba alidondosha sufuria baharini, akasali sala ya chakula, maana ndiyo iliyomjia. Mimi nilisahau kasia. Nilisahau gazeti. Nilijiona mdogo kama chawa, na nilifurahi kuwa mdogo. Nikafungua mdomo nimwambie kumpadre kila kitu.

Nyangumi akazama. Nikakumbuka gazeti.

Jumamosi, 6 Desemba

Leo nimeongoza kwa alama zangu mwenyewe. Mbele, jiwe jeusi. Nyuma yake, ng'ambo ya ncha ya mchanga, jengo jeupe, ghorofa kumi na zaidi. Kubwa, huwezi kulikosa. Weka jiwe na jengo mstari mmoja, nenda.

Piaba kasema amepita hapa mara tatu na jengo hilo halijui. Nikamjibu siku hizi wanajenga haraka. Erasmo kauliza limesimama juu ya nini. Nikasema juu ya ardhi, kumpadre, majengo husimama wapi?

Baada ya saa sita mchana jengo likaanza kuteleza kushoto. Nikarekebisha. Likateleza tena. Nikarekebisha tena. Nchi kavu ikawa nyembamba, ikawa ya buluu, ikawa haipo.

Ndipo jengo likapiga honi.

Meli ya watalii! Watu roshanini wakatupungia mikono. Piaba kasimama kwenye chelezo, mikono kiunoni: "Miro, hebu liambie jengo lako litungoje!"

Erasmo hakucheka wala hakunikaripia. Kauliza tu leo tarehe ngapi.

Jumapili, 7 Desemba

Bahari pande zote. Kesho sikukuu.

Erasmo kasema jua liwe nyuma asubuhi, mbele mchana, mengine tumwachie yeye. Akakaa kichwani mwa chelezo na kamba yake yenye jiwe lililopakwa sabuni. Akashusha. Kamba ikaisha, hakuna chini. Tena. Hakuna. Mara ishirini! Tangu asubuhi chelezo kidogo kilikuwa mapajani mwake.

Saa tisa jiwe likagusa. Akabandua mchanga kwenye sabuni, akaulamba. Maganda, akasema, hapa baba alikuwa anavua, niende kushoto. Nikaenda. Akashusha, akalamba: tope, na maji yamepungua chumvi. Maji ya ghuba hayo. Kisha katunyamazisha. Kasema mwamba wa upande wa kulia unakoroma na wa kushoto unapiga makofi, tupite katikati.

Nikasikiliza. Ulikuwa unakoroma.

Nywele zilinisimama. Mtu hasomi hata jina lake, na kaisoma bahari kwa ulimi. Tumetia nanga chini ya mnara wa taa. Tumefika. Na mimi, badala ya kutubu, nimemwomba nishike kasia kesho pia. Kasema kwani bado ni langu?

Jumatatu, 8 Desemba

Ghuba ilifunguka kama mlango wa kanisa. Mji juu ya mji, madirisha yote yanawaka jua. Kengele. Fataki mchana. Boti mia zenye maua. Erasmo kaniuliza: unaona nini, kumpadre? Safari hii nilitaka kusema kweli, na maneno yakaniishia. Nikasema: kila kitu. Akalia.

Ufukweni mwandishi wa gazeti kauliza nani katuleta. Erasmo kanisukuma mbele. Huyu, kasema. Mimi Erasmo macho yaliniacha zamani, na safari hii alama nazo zimenitoka kichwani. Kanisa sikulikumbuka, minazi sikuikumbuka. Leo ndiyo mwisho, bahari basi. Akanitia kasia lake mikononi, mbele ya watu wote.

Wakanibeba mabegani. Kutoka juu niliiona kofia yake chini kule, anatafuta ngazi za kanisa kwa unyayo, chelezo kidogo kifuani. Nilipaswa kusema nishusheni. Nilisema: Valdomiro, kwa V.

Jumamosi hii, tarehe 13, ni siku ya Mtakatifu Lusia, msimamizi wa macho. Naapa: kabla misa ya asubuhi haijaanza, mlangoni pa kanisa lake, Piaba akiwa shahidi, nitamwambia Erasmo kwamba kanisa lilikuwepo, minazi ilikuwa mitatu, kichwa chake hakijavuja hata tone. Na kasia nitamrudishia mkononi.

Piaba anataka tuulize watu njia. Ya nini? Nimeshakwenda kulitazama kanisa jioni hii, alama nimeziweka mwenyewe. Unashuka mteremko, unakata kulia pale lilipoegeshwa lori la buluu. Kubwa, huwezi kulikosa.