Mbu Hawavuki Idara

“Mbu wa mifugo hana ruhusa ya kumuuma mtu!” Mkurugenzi alikuwa amesimama, ngumi mezani. “Akitaka kumuuma mtu, aombe uhamisho!”

“Aombe kwa nani?” Daktari wa Mifugo aliuliza. Alikuwa ameingia kikaoni na buti zake za mpira zenye samadi, na alikuwa anabishana tangu saa tatu. “Mbu ni yule yule mmoja, Mheshimiwa. Anamuuma kondoo, halafu anakuuma wewe. Hana kitambulisho.”

“Ndiyo maana idara hii ipo.”

Hapo nilitikisa kichwa kukubali, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya Mtunza Takwimu vikaoni. Yetu ni Idara ya Uratibu wa Mienendo ya Mbu, na Jumanne hiyo ilikuwa imetoa tangazo kubwa kuliko yote tangu ianzishwe. Kitambaa chekundu kilitundikwa getini, kila herufi na urefu wa mtoto wa chekechea: SIFURI INAWEZEKANA. Maana yake ni kwamba msimu huu wa mvua hakuna binadamu hata mmoja katika eneo letu atakayeugua homa ya mifugo. Si kwamba tumeizuia. Tumeikokotoa.

Nieleze kidogo, maana nina stashahada na sipendi watu wadhani tunabahatisha. Homa hii hubebwa na mbu kutoka kwa kondoo na mbuzi mpaka kwa watu. Mwanahisabati wetu, mzee wa mvi tunayemwita Mshale, alichora modeli yake ubaoni: sanduku la wanyama wazima, sanduku la wanyama wagonjwa, sanduku la watu wenye afya, sanduku la watu wagonjwa, na mbu katikati. Kati ya masanduku kuna mishale ya kuonyesha ugonjwa unatoka wapi na unaenda wapi. Kompyuta inaifuata mishale hiyo, inatoa idadi ya watu watakaougua. Mara ya kwanza ilitoa mia sita na kumi na mbili.

Mkurugenzi aliitazama ile mia sita na kumi na mbili kama mtu aliyeletewa chai baridi. Akausogelea ubao, akafuta mshale mmoja tu, ule unaotoka kwa wanyama kwenda kwa watu. Wanyama wako chini ya Idara ya Mifugo na watu wako chini ya Idara ya Afya, na kitu chochote kinachovuka idara bila barua ni kinyume cha Waraka Namba Saba. Kompyuta ikakokotoa upya. Sifuri. Kazi safi kabisa. Waziri alikuwa anakuja Ijumaa kutukabidhi ngao.

Tatizo lilikuwa friji. Ndani yake mlikuwa na dozi elfu mbili za chanjo ya mifugo, na muda wake ulikuwa unaisha Jumapili. Friji haifunguliwi bila dharura, na dharura ni pale kompyuta inaposema angalau mtu mmoja ataugua. Ufunguo Mkurugenzi anauvaa shingoni, chini ya tai. Ng’ambo ya mto kondoo walikuwa wameanza kutupa mimba, dalili ya homa hii. Mifugo ya mitaa yetu ilikuwa bado salama. Mama yangu anafuga mbuzi kumi na mmoja mtaa wa nyuma ya ofisi, na wanangu wanne ndio wanaowakamua kabla ya kwenda shule. Kwa hiyo nilikuwa na maslahi kidogo katika hesabu ile, ingawa sikuyatangaza.

“Na kondoo wako je?” Daktari hakuwa amemaliza. “Wale uliozawadiwa kutoka ng’ambo ya mto, uliowafunga nyuma ya ofisi yako? Wawili wametupa mimba juzi. Nimewapima. Ni homa ile ile.”

“Wale si kondoo,” Mkurugenzi alisema.

Akanisukumia daftari mezani.

“Zawadi yoyote inayopokelewa ofisini huandikwa kwenye daftari la samani. Mama, hebu wasomee.”

Nikasoma. “Samani namba arobaini na moja mpaka arobaini na sita. Miguu minne kila moja.”

“Samani haiugui,” Mkurugenzi alisema, akafunga kikao.

Alhamisi asubuhi aliingia ofisini na koti zito, skafu na miwani ya jua, anatetemeka mpaka kalamu zinagongana mfukoni. Nimelea watoto wanne; mwenye homa namjua kwa anavyovuta kiti.

“Unaumwa, Mheshimiwa.”

“Ni kiyoyozi tu.”

“Kiyoyozi kiliharibika mwaka juzi.”

Nikamwita Daktari. Alimshika paji la uso kama anavyomshika ndama, akamtoa damu bila kumbembeleza, akaenda nayo maabara. Aliporudi, Mshale naye alikuwa amekuja kuchungulia.

“Ni ile ile ya samani,” Daktari alisema.

Nikafungua kompyuta nimwandikie rufaa ya hospitali. Kompyuta ikagoma.

“Haikubali,” nikamwambia. “Wagonjwa binadamu ni sifuri, umesaini mwenyewe. Nikikuingiza wewe, inakuwa mmoja.”

Mkurugenzi alitazama dirishani, kwenye kitambaa chekundu. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya skafu. Nimefanya kazi na viongozi wengi, lakini sijaona mwingine aliyejitolea namna ile kwa ajili ya takwimu.

“Niandike kwa wanyama,” alisema.

“Mnyama gani?” Fomu inauliza, si mimi.

“Kondoo.” Akafikiri kidogo. “Dume.”

“Umri?”

“Mama, andika umri wowote!”

Nikaandika. Sifuri ikabaki sifuri.

“Hongera,” Daktari alisema. “Sasa uko chini yangu. Mnyama mgonjwa hatoki zizini siku kumi na nne. Wenzako wako pale nyuma. Majani yapo, maji nitaleta.”

“Daktari, usinitanie, naumwa kweli! Nipelekeni hospitali!”

“Hospitali hawapokei kondoo.”

“Basi nirudisheni kwa watu!”

Mshale alikohoa. “Kimodeli haiwezekani, Mheshimiwa. Kutoka kwa wanyama kwenda kwa watu hakuna mshale.”

“Nani aliufuta?”

Sote tulilitazama dasta.

Alinyanyuka akiegemea meza, akachukua chaki, akauchora mshale mwenyewe, mnene kuliko ule wa kwanza. Kompyuta ikanguruma.

“Mia sita na kumi na tatu,” Mshale alisoma. “Wale wa mwanzo, na wewe.”

“Hiyo ni dharura,” Daktari alisema. “Friji.”

“Ngojeni kwanza!” Mkurugenzi aliushika ufunguo kwa mikono miwili. “Ngao ni kesho. Huo mshale unavuka idara, na kuvuka kunahitaji barua. Barua nitaitoa Jumatatu. Mpaka hapo hakuna mtu mgonjwa, na friji haifunguliwi.”

Alikuwa sahihi. Nimeupanga na kuupangua Waraka Namba Saba kwa miaka tisa, na hauna pa kupenyea. Jumatatu chanjo ingekuwa maji. Nikamfikiria mwanangu wa mwisho, ambaye hamkamui mbuzi mpaka amkumbatie kwanza.

“Sawa, Mheshimiwa,” nikasema. “Mpaka hiyo Jumatatu, wewe ni nani?”



“Kondoo dume,” Mshale alisoma kwenye skrini.

“Kondoo hatunzi funguo za serikali,” nikasema.

Nikamlegeza tai, nikamvua ufunguo kama ninavyomvua mtoto sweta, nikafungua friji.

Tulipakia dozi zote elfu mbili kwenye gari la idara, na Mkurugenzi tukampakia vilevile, kwa kuwa hospitali iko njiani na pale mlangoni wanauliza unaumwa nini, hawaulizi uko sanduku gani. Alikaa siti ya nyuma, amekumbatia kasha la barafu. Tulipopita chini ya kile kitambaa, alijipiga kofi shingoni. Kiganjani akabaki mbu, na tone la damu.

“Wa idara gani huyo?” Daktari alimuuliza kutoka kwenye usukani.

Mkurugenzi alipandisha kioo.