Baragumu na Sanduku la Sokoni

Habari ilimkuta Munyaneza barazani kwa Mukandutiye, muuza kahawa wa mtaa wa Waswahili, Gisenyi. Munyaneza ndiye aliyekuwa mpiga mbiu wa soko. Kwa koo lake, watu walimwita Baragumu.

"Bon, Baragumu, kazi yako imekwisha!" alisema Sibomana, fundi cherehani aliyeitwa Parisi kwa kupenda Kifaransa asichokijua. "Wameleta radio. Sasa hivi inasema hapo sokoni, kwa kipaza sauti."

"Iko na mapafu?"

"Haina. Ndiyo maana haichoki!"

"Inakunywa kahawa?" aliuliza Mukandutiye.

"Hapana."

"Basi mi siitaki."

Baragumu alicheka. "Mi nikiita hapa, wananisikia mpaka kule mbali Bugeshi!"

"Bugeshi! Juzi ulitangaza arusi, bwana arusi mwenyewe hakusikia!" alidakia Parisi.

Mara kipaza sauti kikakoroma. Sauti ya mwanamume kutoka mji mkuu wa Kongo ikasema kwa pua, "Hapa Leopoldville..." Soko zima likakimbilia huko, Mukandutiye akiwa na birika mkononi. Parisi alivua kofia. "Bonjour, monsieur!"

Lile sanduku la radio likaendelea kusema.

"Haina adabu," alisema Mukandutiye. "Mutu anaisalimia, inapita tu."

Baragumu hakuvumilia. Alipanda juu ya gunia la viazi, akaanza kutangaza chochote kilichomjia: samaki wa ziwani, mvua, harusi ile ile. Sanduku likisema, naye anapandisha sauti. Mishipa ya shingo ilimtoka kama kamba. Mwishowe sanduku likakwaruza, likanyamaza.

"Nimelishinda!" alipiga kelele, mikono juu.

Hakuna aliyeshangilia.

"We umetuharibia!" alifoka Mukandutiye. "Hatukusikia hata neno. Sema imesema nini, ama kahawa yangu usiionje tena!"

Baragumu naye hakuwa amesikia kitu. Alitazama zile nyuso zilizokunjamana, akajibana pua, akabuni la kwanza lililomjia.

"Hapa Leopoldville. Fundi mumoja wa Gisenyi ameshona suruali ya mutu, muguu moja mufupi."

Watu waliguna kwa heshima. Parisi peke yake ndiye aliyepauka. Alirudi nyuma taratibu, kofia kifuani.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Mwenyewe hajaivaa bado, na Leopoldville wamekwisha kujua!"

Akatimua mbio kuelekea cherehani kwake.