Neno la Kusimamisha Zoezi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo. Moyo wangu umekwisha. Daktari alinionyesha picha yake kabla ya mvua kuanza: umevimba kama begi lililofungashwa na mtu mwenye haraka. Akasema nisipande ngazi, nisibebe ndoo, na mambo yangu niyaweke sawa mapema. Nikamshukuru. Sikumwambia mtu yeyote. Naandika hapa kwa sababu nina vita, na mwenye vita hawezi kujulikana kuwa mgonjwa.

Adui ni mpwa wangu. Mtoto wa marehemu dada yangu, muuguzi wa chumba cha dharura. Kufunga bendeji nilimfundisha mimi, alipokuwa bado anang'oka meno ya utoto. Sasa chama cha waongoza milima kimempa kazi ya kuboresha mafunzo ya huduma ya kwanza porini. Mafunzo niliyoyaanzisha mimi! Amefuta somo la kunyonya sumu ya nyoka. Somo langu zuri kuliko yote. Nilipolalamika aliniuliza, kwa adabu zote, ni nani niliyewahi kumwona akipona kwa kunyonywa.

Halafu akatangaza kwamba kila mkufunzi atapimwa upya, kwa vitendo, kwenye kibanda cha pili mlimani. Asiyefaulu hafundishi tena.

Kibanda cha pili. Na mimi nikivaa soksi nahema.

Jumanne, 4 Machi

Ufumbuzi umepatikana! Nimejitolea kuwa mgonjwa wa kuigiza. Mgonjwa hapimwi. Analala, analalamika, anabebwa.

Mpwa alifurahi mpaka nikaona aibu kidogo. Alisema hakuna anayeiweza kazi hiyo kama Mjomba. Ni kweli. Kanuni niliitunga mwenyewe: mgonjwa wa kuigiza havunji mchezo, hata akitambaliwa na siafu. Niliwahi kutambaliwa. Sikuvunja.

Yeye anadhani nitaigiza mguu uliovunjika. Nitaigiza mguu, halafu katikati nitaongeza dalili zisizomo katika mtaala wake. Wanaopimwa watababaika, chama kitaona, nami nitaitwa nirudi kwenye kiti changu. Nikifa, nife mkufunzi mkuu.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha wakufunzi. Nimetoka nimekasirika hadi miguu imevimba. Au ilikuwa imevimba tangu asubuhi.

Mpwa ameleta mambo mawili. Kwanza, mapigo ya mgonjwa wa kuigiza yashikwe kweli, na yashikwe tena na tena. Zamani tulikuwa tunagusa mkono tu, tunasema "mapigo sawa", tunaendelea. Kazi ilikwenda.

Pili, kuwe na neno la kusimamisha zoezi. Mgonjwa wa kuigiza akiumia kweli alitaje, wote waache mchezo. Neno lenyewe ni "sufuria". Eti hakuna anayelia kwa maumivu akataja sufuria, kwa hiyo halitachanganywa na maigizo.

Nilisimama kupinga. Nikauliza kama mtu mzima aliyeongoza watu kileleni miaka yote hii anapaswa kufa akiita vyombo vya jikoni. Walicheka. Mpwa naye alicheka, kisha akasema, "Mjomba, ukilisema wewe ndipo vijana nao hawataona haya kulisema."

Walipiga kura. Sufuria ilishinda. Mkono uliobaki chini ulikuwa wangu peke yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Mgonjwa anabebwa akishuka. Hili sikulifikiria. Kupanda anapanda mwenyewe.

Jiwe amenipandisha leo kwa gari la mizigo, siku moja kabla ya wengine. Jiwe ni mwongoza mlima, mgongo kama kabati. Nilimwambia goti linanisumbua. Barabara iliishia chini ya kibanda, kipande cha mwisho tukaenda kwa miguu. Kila nilipoishiwa pumzi nilisimama nikamwonyesha ndege. Mara ya kwanza alitazama. Ya pili alitazama. Baadaye alisema, "Sioni ndege yeyote, Mzee, ila naona midomo yako imekuwa ya bluu." Nikamwambia ni baridi.

Dawa nimeziacha nyumbani, Jiwe asije akaziona.

Jumatatu, 10 Machi

Wodini. Naandika nimelala chali, mwandiko unapanda na kushuka.

Ilikuwa hivi. Juzi Jumamosi walinilaza kwenye mteremko, damu ya rangi imepakwa kwenye ugoko. Kiongozi wa kikundi alikuwa mhasibu, mama mmoja mkufunzi wa kujitolea anayepanda milima wikendi. Nililia vizuri. Alinituliza, akanifunika, akaanza kufunga mguu kwa vijiti.

Ndipo kifua kikabanwa. Kikabanwa kweli, kama mtu amekalia. Mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mhasibu akawaambia wenzake, "Huyu mzee ni hatari, anatoka hadi jasho!" Wakanipigia makofi. Nakiri nilifurahi.

Alinishika mkono kama mpwa alivyowafundisha. Akahesabu. Nikamwambia aandike mapigo sawa tuendelee. Akashika tena. Akasema yanaruka, yanapotea, yanarudi. Akamwita mpwa wangu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika mazoezi yangu.

Mpwa alikuja mbio. Alinigusa shingo mara moja tu. Mengine sikuyaona. Wanasema Jiwe alinishusha mgongoni mpaka kwenye gari, na kwamba garini moyo ulisimama, na mpwa akakandamiza kifua changu njia nzima huku akilia. Mbavu mbili zimevunjika. Amekandamiza vizuri, sina la kukosoa.

Jumatano, 12 Machi

Daktari hazungumzi tena habari za kurudi nyumbani. Anazungumza habari za kunipunguzia maumivu.

Mpwa amekaa hapa tangu asubuhi, macho yamevimba. Aliniuliza kwa nini sikusema neno. Nikamwambia ulimi uliganda. Akainama, akasema kosa ni lake, alichagua neno gumu, lisilomjia mtu akilini akiwa kwenye maumivu. Amekiandikia chama kwamba anarudisha kazi. Mtu aliyekaribia kumuua mjomba wake hawezi kuwafundisha wengine kuokoa.

Nilimpapasa mkono. Nikasema kweli, neno lilikuwa gumu kidogo.

Alipokwenda kuninunulia maji nilimwita Jiwe, aliyekuja kunijulia hali, nikamtuma akiambie chama kwamba mzee yupo, akili timamu, mtaala wa zamani anao wote kichwani na anaweza kufundisha hata akiwa kitandani. Somo la nyoka lirudi kwanza. Jiwe aliuliza tu kama nataka mto mwingine.

Mpwa anarudi, nasikia viatu vyake koridoni. Niandike haraka.

Ulimi haukuganda. Nilikuwa naongea muda wote, nilimwelekeza hata mhasibu jinsi ya kukaza fundo. Neno lilinijia tangu kifua kilipobana mara ya kwanza, likakaa mdomoni, jepesi kabisa. Lakini ningelisema, angekuwa ameshinda yeye.

Sufuria.