Ukuta wa Bluu Kwenye Tovuti ya Bosi

Kuna uvumi uliopita mtaani kwetu, na tangu niusikie haunitoki kichwani: eti siku hizi mtu anaweza kukuibia duka zima, ufunguo akakuachia mfukoni. Nina watoto wanaoshinda kwenye kompyuta, kwa hiyo niliulizia. Niliyoambiwa nayaandika kama yalivyo.

Palikuwa na kijana aliyeitwa Sukari, kwa ajili ya ulimi wake. Alivaa miwani isiyo na nguvu yoyote, ya kumpa sura ya elimu tu. Siku moja alipita mbele ya studio ya kuchora kuta na mabango, akaona kibao kipya: TUNATAMBULIKA KIMATAIFA. Mlangoni alisimama mtu mmoja tu, naye alikuwa anauliza njia. Sukari akatabasamu. Mwenye kibao kama kile hadanganywi. Anasaidiwa tu kuendelea.

"Bosi wangu," alisema akiingia, "kazi nzuri hivi, halafu mtandaoni hampo? Si sawa na kujipamba ukajifungia chumbani?"

Bosi akamvutia kiti. "Umekuja wakati wake, ndugu yangu. Kuna mama mwenye hoteli anatafuta wa kumchorea kuta. Ijumaa anakuja kuona kazi zetu."

"Nakutengenezea tovuti ya kushonewa mwilini, si ya mtumba. Nitaisajili kwa jina langu, ndio utaratibu wa kitaalamu. Wewe usijichoshe."

Dada mdogo wa Bosi, ambaye ndiye aliyechora huku kaka akipokea sifa, aliinua kichwa kwenye makopo ya rangi. "Kaka, nyumba yetu iandikwe jina la mgeni?"

"Wewe chora."

Dada alipoleta picha za kazi zake, kuta za shule tatu za chekechea, Bosi alishika kichwa. "Samaki wenye miwani! Unataka mama wa watu atucheke?" Akaingia mtandaoni, akachota kuta za kifahari za watu asiowajua, akamkabidhi Sukari zote. Dada hakupata hata kona.

Basi wakawa wezi wawili meza moja, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Ijumaa asubuhi tovuti ikagoma kufunguka. Sukari alikuwa ameifunga na kubadilisha neno la siri. Akaja anapiga mluzi.

"Bosi, jina lililosajiliwa ni langu. Ukitaka nifungue, kazi ya hoteli ni nusu kwa nusu, na mama nazungumza naye mimi."

Bosi hajameza mate, mama mwenye hoteli huyo mlangoni. Sukari akawahi kufungua tovuti.

"Karibu, mama! Mwenye tovuti ni mimi, jina langu hili hapa chini. Kila kilichomo ni changu."

Mama akavaa miwani yake, ya kusomea kweli. Picha ya kwanza: ukuta wa bluu, ndege weupe, ngazi ya mawe. Akaitazama kama mtu aliyemkuta mwanawe kwa jirani.

"Huu uliuchora wewe?"

"Kwa mikono hii, mama. Mwaka juzi. Nilitoka jasho!"

"Ajabu. Huu ni ukuta wa hoteli yangu ya kwanza. Aliuchora marehemu mume wangu. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi."

Sukari akageuka. "Picha alinipa huyu!"

"Mimi?" Bosi akashika kifua. "Si umesema kila kilichomo ni chako? Mama, hata mimi namshangaa!"

Mama akapiga picha ukurasa mzima, jina likiwa chini, akaituma kwa mwanasheria wake. Sukari alitoka mbio kwenda kufuta jina lake kwenye tovuti, miwani ikabaki sakafuni.

"Na wewe," mama akamgeukia Bosi, "kazi zako ziko wapi?"

Bosi akakohoa. "Mdogo wangu... hebu leta wale samaki wetu."

Dada akajifuta rangi mikononi. "Wetu? Si wa kuchekesha watu wale? Ni wangu, kaka."

Akamwonyesha mama kwenye simu. Mama alicheka mpaka akavua miwani. "Jumatatu uje uanze. Wewe. Huyu na kibao chake abaki."

Wanangu, epukeni haya:

Mgeni kusajili kitu chenu kwa jina lake.

Tovuti ambayo neno lake la siri hamlijui.

Picha ya kazi msiyoifanya, hata moja.

Kusema "ni changu" kabla ya kuangalia kilichomo.

Miwani isiyo na nguvu.

Na kuficha samaki wa ndugu yako.