Yowe la Ng'ombe wa Kitabuni

Wakuu, leo nimejiaibisha mbele ya wakwe, na Genkuru nzima ni shahidi. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana huko Sirari tayari wanasema nimekimbizwa na fisi. Fisi gani! Ni kitabu.

Mimi nasoma riwaya. Siyo zile za mapenzi, mtu analia sura nzima kwa sababu simu yake haikupokelewa. Hapana. Nataka za shida. Za zamani, enzi za njaa na ndui, watu wanahama na watoto mgongoni. Na za mbele, dunia ikishaharibika, hakuna umeme, hakuna serikali, kuna kopo moja la chumvi na kila mtu analitazama. Humo ndimo mtu anaonekana alivyo, anayegawa chumvi na anayeificha. Kila nikifungua ukurasa najiuliza, mimi Marwa ningekuwa yupi? (Ningeficha kidogo. Msiniangalie hivyo, na ninyi mngeficha.)

Nyumbani wananiona nimechanganyikiwa. Mama huniambia, "Shida za humu ndani hazikutoshi, mpaka ukanunue za wengine?" Tata, yaani baba yangu, haongei. Anakohoa tu.

Sasa leo alikuwa anakuja Mzee Nyamhanga kutoka Ringwani, baba mkubwa wa Rhobi. Rhobi ndiye mchumba wangu. Baba yake alishafariki, kwa hiyo huyu mzee akisema ndiyo, naoa. Akisema hapana, narudi Turwa kwenye duka langu la spea za pikipiki nikazeeke nazo. Amekuja kuwatazama ng'ombe wa mahari na kumtazama anayewatoa. Nikampa shikamoo, akanishika mkono, akaugeuza.

"Marahaba. Mkono laini huu."

Basi. Hilo tu. Akaingia ndani kunywa uji. Tata akanivuta pembeni.

"Mura, wewe kijana, wapeleke ng'ombe pale kijitoni, mgeni awaone wakiwa wametulia. Na wewe usimame kama mwanaume. Hicho kitabu nisikione."

"Ndiyo, Tata."

Na kweli hakukiona. Kilikuwa ndani ya koti.

Lakini hebu nieleweni, nilikuwa nimefika pabaya. Kitabu chenyewe nilikiokota kwenye lundo la mitumba sokoni Tarime, jalada limechanika, jina silijui, mtunzi simjui. Dunia imeungua. Mama mmoja na mabinti zake wawili wanatembea na ng'ombe mmoja, pengine wa mwisho duniani. Maziwa yake ndiyo uhai wao. Nilikuwa nimeishia pale wamelala pangoni, moto umezimika, na nje kuna nyayo za watu. Wewe ungeacha hapo?

Ukurasa mmoja tu, nikajiambia. (Wasomaji mnaujua huo ukurasa mmoja.) Ng'ombe wanakula vizuri, mgeni bado yuko ndani. Nikakaa juu ya jiwe, nikafungua.

Majambazi wakaingia pangoni. Kimya kimya. Mama kalala, kachoka. Binti mdogo kaamka, kawaona, sauti haitoki. Wanafungua kamba. Ng'ombe anatoka. Mtoto yuko kimya! Mama amelala! Na mimi ni Mkurya, jamani, kuna vitu damu haivumilii. Nikasimama juu ya lile jiwe nikapiga yowe kwa nguvu zote:

"Ng'ombe! Wanachukua ng'ombe! Amkeni! Wanachukua ng'ombeee!"

Kwa msiokaa huku: kwetu yowe la ng'ombe haliulizwi maswali. Ukilisikia unalipokea kwa yowe lako ili wa mbele naye asikie, unashika chochote, unakimbilia lilikotoka. Aliyekuwa anakula anaacha. Aliyekuwa anaoga anatoka. Ukibaki nyumbani, kesho utaeleza ulikuwa wapi.

Sikuwahi hata kukaa. Ng'ambo ya kijito mtu akaitikia. Akaitikia mwingine huko juu. Kisha kanisani, walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kupunga mikono, "Hapana! Rudini! Hakuna kitu!" Nani asikilize? Kadiri nilivyopunga ndivyo walivyokaza mbio, wanadhani nawaonyesha wezi walikoelekea.

Wakaja! Mapanga, marungu, pinde. Kijana mmoja na kofia ngumu ya mgodini kichwani. Kwaya nzima na majoho yao. Mama yangu na mwiko wa ugali. Na mbele ya wote, mbele ya vijana wenye pumzi zao, Mzee Nyamhanga wa Ringwani, suruali kaikunja, upinde wa Tata mkononi. Kijito amekivuka kwa miguu. Kiatu kimoja kimebaki kwenye tope.

"Wako wapi?" akauliza, anahema. "Mura! Wameelekea mpakani?"

Ng'ombe wetu wote walikuwepo. Mmoja alikuwa amelala, anacheua. Watu wakawatazama ng'ombe, wakanitazama mimi, wakakitazama kitabu mkononi mwangu.

"Wamo humu," nikasema.

(Ningeweza kudanganya. Ile habari ya fisi ingenifaa sana. Sijui kwa nini imekuja baadaye.)

Mwenyekiti wa kitongoji akakichukua kitabu, akakigeuza huku na huku.

"Ng'ombe wameibwa humu?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Wangapi?"

"Mmoja. Lakini ndiye pekee waliye naye."

Hapo kwaya ikaanguka. Dada mmoja alicheka mpaka akakaa chini na joho lake. Tata hakucheka. Alikohoa mara moja tu, kikohozi ambacho nitazikwa nacho. Akasema mbele ya watu wote, "Mwanaume mzima unamlilia ng'ombe wa karatasi! Na mkwe wako amesimama hapa na kiatu kimoja!"

Masikio yakawaka moto. Nikaona Rhobi ananiponyoka hivi hivi. Na badala ya kunyamaza, wakuu, nikapandisha sauti!

"Tata, yule mama amelala. Wakiamka hawana maziwa, watoto wanakufa. Mngekuwa ninyi mngekaa kimya? Mimi kwa yowe siombi radhi. Naomba radhi kwa kiatu."

Mzee Nyamhanga akanyoosha mkono.

"Lete hicho kitabu. Nikawaonyeshe wenzangu Ringwani aina ya mkwe tunayeletewa."

Nikampa. Mwenyekiti naye akatoa hukumu yake: yowe la uongo, faini mbuzi. Akachinjwa pale pale nyumbani, nyama ikawekwa motoni. Mimi nikakaa peke yangu kando ya zizi, nikisubiri kuitwa nisomewe mashtaka. Mzee akawekewa kiti uani, kiatu chake kinaoshwa. Hana la kufanya. Akafungua kitabu, labda auone huo upuuzi.

Mama akaleta chai. "Mzee, chai inapoa."

"Ngoja."

Nyama ikaiva. "Mzee, karibu nyama."

"Nimesema ngoja! Huyu mama anawasha moto karibu na njia, anaonekana toka mbali. Mjinga sana huyu!"

Mama akanitazama. Tata akasahau kukohoa. Faini yangu ikaliwa na kitongoji kizima (nami nilikula, sikuona sababu ya kususa), na mzee bado anafunua kurasa, midomo inacheza. Kiatu kilikauka zamani. Jua lilipoanza kushuka ndipo akasimama, akaita watu.

"Kijana huyu ana kasoro," akasema.

Nikaziona spea za Turwa zikinisubiri.

"Lakini kama anawapigia yowe ng'ombe wa watu asiowajua, wetu watalala salama. Njooni Ringwani tumalize mazungumzo."

Mama akapiga vigelegele, mwiko bado mkononi. Tata akanipiga bega. Nami nilifurahi, msidhani sikufurahi. Nusura nipige yowe, kwa mara ya pili leo. Ila hapo hapo nikamwona mzee anakiingiza kitabu ndani ya koti lake.

"Mzee, samahani, hicho kitabu... nilikuwa nimebakiza kidogo..."

Tata akanikanyaga mguu.

"Hiki?" mzee akasema, akapanda pikipiki. "Hiki ni ushahidi."

Akaondoka nacho.

Basi chekeni mpaka mchoke, sijali, na kusoma siachi. Ila kama kuna aliyewahi kukutana na kitabu cha mama, mabinti wawili na ng'ombe wa mwisho duniani, asithubutu kuniambia kama alipatikana. Mahari naipeleka Ringwani wiki ijayo, na kama mnadhani haraka yangu yote ni ya mke, hamnijui.